Printa Yenye Anwani Tatu

Wadau, najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, na mmoja akauliza kama nimeoa. Hapana, na hapana. Kazini kulikuwa na jambo lililoninyima usingizi, na sikutaka kuliandika kabla halijaisha. Sasa limeisha, au tuseme limefika mahali ambapo linaweza kusimuliwa.

Jambo lenyewe ni la printa. Msicheke kwanza.

Gazeti letu (silitaji, mnaonifahamu mnalijua) ni la wiki. Jumanne usiku linakwenda mtamboni, na kuanzia hapo hadi Alhamisi mchana ofisi inakuwa kimya kama shule wakati wa likizo. Tuko ghorofa ya kwanza. Chini yetu kuna duka la dawa, mama mmoja anayekaanga maandazi kwenye kibaraza, na steshenari ndogo inayotoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, na kuchapa mitihani ya majaribio kwa walimu wa shule za jirani.

Ofisini tuna mhudumu tunayemwita Dogo. Ana mke na mtoto wa miaka miwili, lakini ni Dogo tu, hata kwa sisi ambao tumemzidi mwaka mmoja au hatujamzidi kabisa. Yeye ndiye anayefungua ofisi saa 12 asubuhi, anafagia, anachemsha chai, anapeleka bahasha mjini. Siku zangu za kwanza pale, nilipokuwa sijui hata choo kiko wapi, Dogo ndiye aliyenionyesha ni kiti gani kina mguu mbovu na ni mhariri gani usimsemeshe kabla hajanywa chai.

Basi, rimu za karatasi zikaanza kwisha haraka. Rimu ambazo zilikuwa zinatosha mwezi zikawa zinakwisha siku ya 20. Wino wa printa nao, ambao bei yake inaweza kumfanya mhasibu augue, ukawa unadai kubadilishwa mapema. Likaanza kuulizwa swali la nani anachapa nini. Kisha mlinzi akasema amemwona Dogo zaidi ya mara moja, asubuhi na mapema, akishuka ngazi na furushi la karatasi.

Akaitwa kwenye kikao cha Ijumaa. Nilikuwepo. Meneja akamuuliza zile karatasi alizipeleka wapi. Dogo akajibu bila kusitasita kwamba alimpelekea mama wa maandazi afungie, maana zilikuwa zimeshachapwa upande mmoja na hakuna aliyezitaka.

"Zimechapwa na nani?"

"Sijui bosi. Huwa nazikuta asubuhi. Zinatoka zenyewe."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, naandika hapa kwa sababu ni kweli. Mmoja akasema printa ina jini, mwingine akasema jini hilo lina biashara ya mitihani, maana moja ya karatasi zilizokutwa kwa mama wa maandazi ilikuwa na maswali ya Jiografia ya kidato cha pili. Meneja hakucheka. Akasema Dogo akae nyumbani wiki mbili bila malipo wakati uchunguzi unafanyika. Dogo akatuangalia mmoja mmoja, akaweka ufunguo wa ofisi mezani, akatoka.

Mnajua uchunguzi wa ofisi za kwetu. Maana yake ni kwamba hakuna anayechunguza, siku zinapita, halafu mtu anaambiwa asirudi.

Tuna fundi wa kompyuta ambaye si mwajiriwa, anakuja Alhamisi tu. Ni mtu mzima kidogo, mpole, tunamwita Injinia. Alhamisi iliyofuata nilimfuata kwenye kichumba chake chenye joto nikamwambia, "Shikamoo Injinia, hivi printa inaweza kusema nani ameituma?" Akaitikia salamu, akaendelea kukaza skrubu, kisha akasema kitu ambacho nimekuwa nikikifikiria tangu siku ile. "Printa inasema mambo mengi sana, mwandishi. Tatizo nyinyi hamjawahi kuiuliza."

Hapa inabidi niwaeleze kidogo. Wale mnaojua mambo haya vumilieni, na wale msiojua msikimbie. Mimi nimesoma uandishi wa habari, na kama mimi nimeelewa basi na wewe utaelewa.

Karibu kila kifaa cha ofisi kinachochomekwa kwenye mtandao, iwe ruta, swichi, seva, printa au kile kisanduku cha kuhifadhi umeme, kina uwezo wa kujibu maswali kwa lugha iitwayo SNMP. Ukizigeuza herufi hizo kwa Kiswahili unapata kitu kama itifaki rahisi ya kusimamia mtandao. Ilianza mwaka 1988, na waraka wake uliojulikana sana, RFC 1157 wa mwaka 1990, una majina ya watu wanne: Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin. Wakati ule ilichukuliwa kuwa ni ya muda tu, kama banda la mabati unalojenga kiwanjani huku ukingoja pesa ya matofali. Mfumo mkubwa uliotarajiwa kuchukua nafasi yake haukushika. Banda la mabati bado limesimama.

Kuna kisa kimoja Injinia alikisimulia huku akicheka peke yake. Mwaka 1990, kwenye maonyesho ya Interop huko Marekani, John Romkey na Simon Hackett waliunganisha mashine ya kubanika mkate kwenye intaneti na kuiwasha kwa SNMP hiyo hiyo. Mkate wenyewe ilibidi mtu auweke kwa mkono. Kwa hiyo mnaposikia leo watu wakitamba na majokofu yenye intaneti, mjue kuna mkate ulitangulia.

Maswali yenyewe hayaulizwi kwa maneno, yanaulizwa kwa namba. Kila jambo ambalo kifaa kinalijua limepewa namba yake katika mti mmoja mkubwa, na namba hiyo inasomwa kama anwani ya makazi: mkoa, wilaya, kata, mtaa, nyumba. Zile namba za nyumba zilizobandikwa mitaani kwetu mwaka 2022 kabla ya sensa ya Agosti, fikiria hizo. Karibu kila swali linaanza na 1.3.6.1. Ile 1 ni shirika la viwango la kimataifa, ISO. Ile 3 ni tawi la mashirika. Ile 6, sikilizeni hii, ni Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa kuwa ndiyo iliyogharamia mtandao ambao intaneti ilizaliwa ndani yake. Kisha 1 ya intaneti yenyewe. Kwa hiyo kila fundi wa Buguruni anayeuliza printa ina wino kiasi gani anapita kwanza mlangoni kwa wanajeshi wa Marekani, angalau kwa namba.

Injinia hakuuliza chochote kabla ya kwenda kwa meneja kuomba kibali cha maandishi. Nilimwona ni mwoga. Akaniambia, "Kijana, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina utani na mtu anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa. Printa ni yenu, mtandao ni wenu, lakini mimi si wenu." Meneja akasaini, nadhani bila kusoma.

Akafungua laptopu, akaandika amri fupi yenye anwani ya printa na neno moja la Kiingereza, "public". Nikamuuliza hilo ni nini. Ndilo neno la siri, akasema. Nikadhani ananitania. Katika matoleo ya zamani ya lugha hii, yaani la kwanza na la pili, kifaa kinamtambua muulizaji kwa neno moja tu, na neno hilo linasafiri wazi kwenye waya, halijafichwa kwa namna yoyote. Viwanda vingi vilitoa vifaa vikiwa na "public" kwa kusoma na "private" kwa kubadilisha mambo, na mamilioni ya ofisi hayakuwahi kuyagusa maneno hayo. Toleo la tatu, lenye majina ya watumiaji na usimbaji fiche, lilikamilika Desemba 2002. Mwaka huo huo wa 2002, mwezi Februari, kituo cha CERT cha Marekani kilikuwa kimetoa tahadhari baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, kuonyesha kwamba ujumbe wa SNMP uliovurugwa makusudi unaweza kuangusha vifaa vya makampuni mengi. Unaweza kudhani watu walishtuka wakahama. Printa yetu si ya zamani na bado ilijibu kwa "public".

Ilijibu kwanza jina lake. Kisha mahali ilipo: ilisema iko "Chumba cha Matangazo". Hatuna chumba hicho. Waliopo miaka mingi wanasema kilikuwa pale lilipo sasa dawati la michezo. Printa hii ilinunuliwa kuchukua nafasi ya nyingine, na nadhani aliyeifunga alinakili maelezo ya ile ya zamani bila kufikiri. Kisha ikasema imekuwa hewani kwa saa 3 na dakika kadhaa, na hilo nililiamini, maana umeme ulikuwa umekatika asubuhi. (Hesabu hii ya muda inafanywa kwa sehemu ya mia ya sekunde, na sanduku lake linajaa baada ya siku kama 497, kisha linaanza tena sifuri. Injinia anasema hajawahi kuliona likijaa Dar es Salaam. TANESCO hawampi nafasi.)

Kisha akaiuliza anwani zake.

Njia ya kuuliza ndiyo iliyonivutia zaidi. Humwambii printa nipe orodha yote, maana hujui orodha ina wangapi. Unafanya kama mgeni anayemtafuta mtu mtaani pasipo na ramani. Unabisha nyumba ya kwanza na kuuliza, baada ya hapa inafuata ipi? Unaelekezwa. Unakwenda hiyo inayofuata na kuuliza swali lile lile, hadi uambiwe mtaa umekwisha, hapa umeingia mtaa mwingine. Amri anayotumia Injinia inaitwa snmpwalk, na kweli ni matembezi. Mtaa wa anwani uko kwenye 1.3.6.1.2.1.4.20. Tangu mwaka 2006 kuna mtaa mpya zaidi, unaoishia na 4.34, unaojua na anwani ndefu za IPv6, lakini printa yetu ilijua ule wa zamani tu. Na kuna jambo moja zuri hapo: namba ya nyumba katika mtaa huo ni anwani yenyewe. Yaani jibu linakuwa limeandikwa mara mbili, kwenye swali na kwenye jibu, hivi:

1.3.6.1.2.1.4.20.1.1.10.0.0.25 = 10.0.0.25
1.3.6.1.2.1.4.20.1.1.127.0.0.1 = 127.0.0.1
1.3.6.1.2.1.4.20.1.1.192.168.8.103 = 192.168.8.103

Injinia akanyamaza. Mimi sikuona kitu, niliona namba tu. Akaweka kidole kwenye kioo. Ya kwanza ni ya waya, akasema, hiyo naijua, niliiweka mimi. Ya pili si kitu, ni kifaa kujisemesha chenyewe, kila kifaa kinayo. "Sasa hii ya tatu ni ya nani?"

Akauliza safu inayofuata, ambayo inaeleza kila anwani imekaa kwenye mlango upi wa kifaa. Anwani ya tatu ilikuwa kwenye mlango namba 3. Akauliza jina la mlango namba 3. Waifai.

Printa ilikuwa na mguu mmoja kwenye mtandao wetu na mguu mwingine kwenye mtandao ambao Injinia hakuwa anaujua. Tukazunguka ofisi nzima kuutafuta. Tuliukuta nyuma ya kabati la mafaili, umejaa vumbi, taa mbili za kijani zinapepesa: kiruta kidogo cha laini ya simu. Mhariri wa picha ndiye aliyekumbuka. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikayumba, ofisi ilinunua kile kiruta kwa kujaribu bahati na laini ya kampuni nyingine. Ili wanaotumia kiruta waweze kuchapa, mtu akaiunganisha na printa. Nyaya zikatengenezwa, maisha yakaendelea, na hakuna aliyekumbuka kukichomoa. Neno lake la siri lilikuwa bado limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ukutani, nyuma ya mlango.

Nitarudi kwenye karatasi hiyo.

Injinia alitega mtego, na sikujua kwamba mtego unaweza kuwa rahisi namna ile. Printa inahesabu kila ukurasa iliyochapa tangu itoke kiwandani, na hesabu hiyo nayo ina namba yake katika mti, tawi la 43, ambalo ni la printa tu. Akaandika programu fupi ya kuuliza hesabu hiyo kila baada ya dakika 5. Hesabu ikibadilika, programu iulize papo hapo swali jingine: umezungumza na nani hivi karibuni? Kifaa chochote kwenye mtandao kinaweka daftari la majirani kiliosemezana nao dakika chache zilizopita, anwani ya mtandao upande mmoja na anwani ya kudumu ya kadi upande mwingine. Daftari hilo linafutika haraka, ndiyo maana ni lazima uliulize wakati ule ule.

Nikasimama kidogo hapo, kama mwandishi. Nikafikiria ruta za hoteli tunazokaa semina, za mikahawa ambako nakutana na watu ambao hawataki kuonekana na mimi. Kama zinajibu "public", mtu yeyote aliyekaa meza ya pili anaweza kuuliza daftari la majirani na kuona kwamba simu yangu na simu nyingine moja zilikuwa hapo saa ile. Simu za siku hizi zinabadilisha anwani zao za kadi ili zisifuatwe. Laptopu yangu niliikagua usiku ule, haikuwa inabadilisha. Lakini hilo ni andiko la siku nyingine.

Ijumaa asubuhi tukafungua matokeo. Dogo alikuwa kwao Mbagala, siku ya saba bila kazi. Hesabu ya printa ilikuwa imekaa kimya jioni nzima. Kati ya saa 3:30 na saa 3:35 usiku ikaruka kurasa 46. Dakika 5 baadaye, 46 nyingine. Kisha 46 nyingine tena. Kwenye trei zilikuwepo zote 138, mtihani wa Baiolojia, nakala zile zile mara tatu. Ofisi ilikuwa imefungwa na mlinzi yuko chini.

Zinatoka zenyewe.

Na jirani? Alikuwa mmoja, kwenye mlango namba 3, anwani 192.168.8.107. Injinia akatazama namba sita za mwanzo za kadi yake, ambazo zinamtaja mtengenezaji. "Hii si simu," akasema, "wala si laptopu. Hawa wanatengeneza vile vidude vya waifai vya kuchomeka, vidogo kama ukucha. Huyu ni mtu mwenye kompyuta ya mezani."

Wadau, hapo ndipo nilipoacha kuwa mpelelezi.

Kwa sababu kidude hicho ni changu.

Machi, Jumapili moja ya mvua, nilikuwa na habari ambayo mhariri aliitaka kabla ya saa 12 jioni. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa, ofisi imefungwa, na ufunguo uko kwa Dogo aliyekuwa kanisani. Nikaingia steshenari ya chini. Dada wa pale akasema kompyuta ipo lakini bando limekwisha. Nikajifanya mjanja. Nikachomeka kidude changu cha waifai nyuma ya kompyuta yake, nikaona kile kiruta chetu cha juu kinashika hadi chini, na neno lake la siri nililikumbuka kwa sababu nililisoma nyuma ya mlango kila nilipovaa koti. Windows ikaniuliza kama niruhusu kompyuta ionekane na vifaa vingine. Nikabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza sote. Nikatuma habari. Dada akakataa hela yangu. Nikamwambia kidude kaa nacho, nitakipitia kesho. Ile kesho haikufika.

Yaliyofuata tuliyaelewa baadaye, tuliposhuka kumuuliza. Bando lake likiisha usiku, kompyuta inahamia yenyewe kwenye mtandao wetu. Ikifika huko inaiona printa yetu na kuiweka kwenye orodha yake. Ikishaitumia mara moja, Windows inaifanya ndiyo ya kwanza. Dada anabonyeza chapa, mashine yake iko kimya, anadhani imekwama, anabonyeza tena, na tena, mwisho anagundua jina la printa ni tofauti, anachagua ya kwake na kuendelea na kazi. Hakuwa na habari kwamba ghorofa ya juu kuna kitu kimechapa Baiolojia mara tatu gizani. Asubuhi Dogo anazikuta, anaona ni takataka, anampelekea mama wa maandazi. Na mama anafungia maandazi kwa wateja, wakiwemo wanafunzi ambao, ukifikiria vizuri, huenda walikuwa wanakula maandazi ndani ya mtihani wao wenyewe.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikwenda kwa meneja dakika ile ile. Sikwenda. Ijumaa ile Injinia alimwonyesha meneja matokeo, akaeleza kwamba kurasa zinatoka nje ya ofisi. Meneja akasema sawa, lakini huyo wa nje aliingiaje? Lazima kuna mtu wa ndani aliyempa neno la siri, na anayefahamiana na watu wote wa chini ni Dogo. Injinia akaniangalia. Hakuwa anajua, aliniangalia tu kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu. Nikasema, "Neno liko ukutani, mtu yeyote angeweza kuliona." Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Ni sentensi ya aina ambayo nikiipata kutoka kwa msemaji wa wizara naizungushia duara na kumpigia tena.

Ikapita Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumanne tuko kwenye kufunga kurasa, mama wa maandazi akapanda ngazi kutuletea chai, maana Dogo hayupo, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Hivi huyu kijana wenu mmemla?" Hakuna aliyemjibu. Akaweka birika chini akashuka.

Jumatano nikaingia kwa meneja. Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya mvua na ya bando na ya Windows, na nikamaliza kuyasema, na yeye akaniuliza swali moja tu. "Hili umelijua tangu lini?"

"Ijumaa."

Akaandika kwenye daftari lake. Akasema gharama ya karatasi na wino itakatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi miwili, na Dogo arudi kesho. Nikauliza kuhusu malipo yake ya siku alizokaa nyumbani. Akasema ofisi italipa nusu, maana hata yeye Dogo alipaswa kutoa taarifa mapema. Sikubishana, na hilo nalo ningelifanya tofauti leo.

Dogo alirudi Alhamisi. Nilimsubiri mlangoni saa 12 asubuhi, mara yangu ya kwanza kufika ofisini saa hiyo. Nikamweleza yote, tangu kidude hadi Ijumaa. Alisikiliza akiwa ameshika ufagio. "Kaka," akasema, "mimi si niliwaambia zinatoka zenyewe? Na wewe ulicheka." Nikampa bahasha yenye ile nusu nyingine. Aliifungua pale pale, akahesabu noti mbele yangu, taratibu, moja moja, akaziweka mfukoni, akaendelea kufagia.

Injinia alikichomoa kiruta, akaizima waifai ya printa, akabadilisha lile neno "public" na kuweka jingine ambalo hajamwambia mtu. Wiki iliyopita, baada ya kuomba ruhusa safari hii, nilijaribu kuiuliza tena printa anwani zake kwa neno la zamani. Lugha hii ina tabia moja: ukikosea neno, kifaa hakikuambii umekosea. Hakikujibu kitu. Nilikaa nikisubiri hadi programu ikachoka yenyewe, na nyuma yangu nikamsikia Dogo akipanga vikombe. Alikuwa ameleta vitano. Tulikuwa sita.